Mkono wa Shati Kwenye Usukani

Kwako Shangazi mshauri wa ukurasa wa saba,

Kabla sijakuomba msaada ni vizuri ujue unaandikiwa na nani, usije ukanichanganya na wale wanaokulilia kila wiki kwa ajili ya wachumba. Mimi, Shangazi, ndiye fundi bora wa magari aliyewahi kuzaliwa chini ya jua hili, na hapa sijisifu, nasema tu kama mtu anavyosema leo ni Jumatatu. Nikipita mtaani magari mabovu yanakohoa na kuwaka yenyewe kwa aibu. Nina miaka kumi na tisa, shule niliiacha kidato cha pili kwa makubaliano ya pande zote mbili, shule ilikubali na mimi nikakubali, na tangu siku hiyo baba ananiita Profesa. Yeye anasema ni utani, mimi nimeuchukua kama cheo.

Naomba msaada kuhusu huyo huyo baba. Nataka unipe maneno ya kumwambia mzee aliyekata tamaa, maneno mazito ya gazetini, ili arudi kwenye gari letu kabla ya Jumamosi, kwa sababu Jumamosi anakuja mtu wa vyuma chakavu kulichukua, na likishapanda kwenye lile lori lake tutaliona tena likiwa masufuria. Shida yangu ni hiyo tu. Haya mengine nakuandikia ili uelewe, na pia kwa sababu nikianza kuandika huwa sisimami, ni kipaji.

Baba aliendesha malori ya safari ndefu miaka ishirini na minane, hajawahi kugonga hata mbuzi. Halafu mikono ikaanza kutetemeka. Mwanzoni kidogo, kikombe kikigonga sahani, baadaye mpaka vifungo vya shati mama ndiye anafunga, na ofisini wakamwita wakampa barua nzuri ya kumshukuru na kikombe chenye picha ya lori. Basi. Miaka ishirini na minane, kikombe. Baba alikileta nyumbani, akakiweka kwenye rafu ya uani, akakijaza nati, na akasema kikombe hicho hakitaingia chai maadamu yeye yu hai na ana kazi ya kufanya.

Kazi yenyewe ikaja wiki hiyo hiyo ikiwa inavutwa kwa kamba. Rafiki yake mmoja alikuwa anasafisha ghala la zamani, akakuta humo gari dogo la milango minne ambalo lilikuwa la kijani zamani za kale, injini imefunguliwa vipande vipande ndani ya maboksi, na kiti cha nyuma kimekaliwa na paka na wanawe wanne waliotutazama kama sisi ndio wavamizi. Baba alilizunguka mara tatu, akapiga boneti kofi dogo, akaniambia, "Profesa, hili tunalifufua."

Mama alitoka jikoni, akaliangalia, akasema, "Nilijua tu ukistaafu utaniletea mke mwenza."

Na tangu siku hiyo ndivyo anavyoliita. Asubuhi akipita na ndoo anauliza, "Mke mwenzangu ameamkaje?" na baba akiwa chini ya gari, miguu tu ndiyo inaonekana, anajibu, "Ameamka salama, ila bado ana kiburi."

Shangazi, wewe hujapaona uani kwetu, kwa hiyo hujaona kitu. Ni pale kati ya jiko na ukuta, kuna bati baba alilitandika juu, na bati lenyewe ni la kuokoteza, lina matundu ya misumari ya nyumba nyingine, sasa jua likiwa juu linaingia kwa vile vitundu na kushuka juu ya boneti kama mvua ya nukta nukta, na kadiri mchana unavyokwenda zile nukta zinatembea, zinapanda kioo, zinavuka paa, zinateremka nyuma, mpaka ukikaa ndani muda mrefu hujui tena kama ni mwanga unaotembea au ni gari. Mimi nilisema ni gari. Baba alikubaliana nami.

Ndipo tulipoanza kusafiri. Najua utacheka, cheka tu. Mwaka mzima gari lile halikuwa na injini, mbele palikuwa na shimo tu, lakini tukimaliza kazi ya mchana baba ananawa mikono kwa mafuta ya taa na sabuni, anaingia kiti cha dereva, mimi kiti cha abiria, anashusha kioo, anashika usukani, na tunaondoka. Anabadilisha gia kwa mdomo. Ananionyesha barabara zote alizopita, hapa kona mbaya, punguza, hapa kuna mama anauza mahindi ana mtoto anaitwa kwa jina refu kuliko barabara yenyewe, hapa ukungu unashuka asubuhi mpaka unaendesha kwa kusikiliza, na mimi naona yote, Shangazi, naona ukungu ukigonga kioo na ule ukuta wetu wa uani unafunguka kama pazia. Mama akipita na nguo za kuanika baba anakanyaga breki, "Ngoja, kuna mtembea kwa miguu," na mama anasimama katikati ya barabara na beseni lake, anajibu, "Nipisheni, nyie wazururaji." Tumesafiri mbali sana. Siku nyingine tulikuwa tunarudi tumechoka kabisa.

Na usukanini mikono yake haikutetemeka. Wala kwenye spana. Hili ndilo nataka ulielewe. Mikono ile hutetemeka ikiwa mitupu. Iweke spana, inatulia, kama mtoto aliyepewa titi. Kule mezani anamwaga chai, huku uani ananyanyua kijibati chembamba kama ukucha na kukiweka mahali pake bila kugusa pembeni. Nilikuwa naangalia nasema moyoni, wale wa ofisini hawakumpima vizuri, wangempima akiwa ameshika kitu.

Ana sheria moja. Alikata mkono wa shati lake la kazi, lile la buluu la udereva, na kila anapoacha kitu hakijakamilika ndani ya gari, nati haijakazwa, breki haina mafuta, chochote, anaufunga ule mkono wa shati kwenye usukani. Akasema, "Ukiuona huu mkono hapa, gari halipo. Huliwashi, hulisukumi, hulikalii. Halipo." Na aliyeufunga ndiye anayeufungua, hata kama ni mimi niliyeufunga, yeye hawezi kuugusa mpaka nifike. Kwa miaka miwili tulifuata hivyo. Mama naye alikuwa akitaka kupita karibu anauliza, "Leo mke mwenzangu yupo au hayupo?"

Sasa tuje wiki iliyopita. Jumatano tulimaliza. Injini imefungwa yote, imekaa mahali pake, baba ametia oili kwa mkono wake akiwa anaimba, halafu akapita chini na tochi akaona tone. Tone moja. Nati ya chini, ile ya kumwagia oili, ilikuwa na pete ndogo ya shaba iliyochoka. Mtu mwingine angesema tone moja si kitu. Baba alifungua, akamwaga oili yote kwenye beseni, nati akaiacha wazi, akaufunga mkono wa shati usukanini, akasema kesho atatafuta pete mpya, na Ijumaa tutaliwasha, atawasha yeye mwenyewe, mama akae kiti cha nyuma.

Alhamisi baba alikwenda kutafuta pete, akarudi nayo jioni, na habari za Alhamisi zinaishia hapo. Labda niseme tu kwamba aliporudi alianza mambo ya ajabu ya uzee. Alisimama uani akainua pua, akasema, "Mbona nanusa kitu kimeungua?" Nikamwambia jirani anachoma takataka. Akaweka kiganja juu ya boneti, akasema, "Mbona lina joto?" Nikamwambia jua, baba. Akatazama juu kwenye bati, akatazama kivuli, akaangalia kile kiganja chake. Halafu alipofungua mkono wa shati usukanini fundo likamshinda, ikabidi atumie meno, akacheka kidogo, akasema, "Siku hizi hata fundo nalikaza kama nafunga mzigo wa mbao." Akaweka pete, akakaza nati, akatia oili mpya, akaenda kulala mapema kama mtoto anayesubiri sikukuu.

Ijumaa alivaa shati jeupe. Mama alilipiga pasi. Fundi cherehani wa jirani alikuja na kiti chake mwenyewe, mama akaingia kiti cha nyuma na pochi mapajani kama anakwenda harusini, akasema, "Dereva, twende, abiria tumejaa." Baba akageuza ufunguo.

Tk.

Akageuza tena. Tk. Kama mtu anayegonga meno. Akashuka, akachukua spana kubwa, akajaribu kuizungusha injini kutoka mbele kwa nguvu zake zote, mpaka shati jeupe likaingia mafuta kifuani, haikusogea hata nywele. Imeshikana. Injini iliyofungwa upya, haijawahi kuwaka hata mara moja, imeshikana kama jiwe. Fundi cherehani akanyanyua kiti chake taratibu akaondoka. Mama akabaki kule nyuma na pochi yake, hakushuka, nadhani alikuwa anangoja kuambiwa kituo.

Baba akasema, "Nimekosea mimi. Ni hii mikono."

Jioni ile ile aliviringisha spana zote kwenye turubai akafunga. Akampigia mtu wa vyuma chakavu. Halafu akashusha kile kikombe kutoka rafuni, akamwaga nati zote kwenye kopo la rangi, akakiosha, akakiosha tena, na asubuhi akakinywea chai.

Shangazi, mama aliona akageukia ukutani.

Tangu hapo hafiki tena uani. Anakaa sebuleni na kikombe chake, mikono inacheza, na hajaribu hata kuificha kama zamani. Jana mchana nilipitiwa na usingizi kwenye kiti cha abiria nikaota tunakwenda, hatugusi chini, tunapita juu ya mabati ya watu polepole, nukta za mwanga zimejaa ndani ya gari mpaka magotini kama maji, na baba anaendesha kwa mikono iliyotulia kabisa, ila kila nikimuuliza tunakwenda wapi ananiambia, "Wewe ndiye uliyeona njia, Profesa." Nikaamka. Mama alikuwa anaanika nguo. Akasema, "Nimemzoea mke mwenzangu, unajua? Anaondoka na mimi ndiye nitakayelia."

Kwa hiyo nipe maneno. Mama humsomea baba ukurasa wako kila Ijumaa akinywa chai, yeye hujifanya hasikilizi, lakini ukisema jambo la maana anakohoa. Andika kitu kizuri kuhusu wazee wasikate tamaa. Mikono si kitu. Andika hivyo.

Nimefika hapa nilitaka kuweka jina na cheo nifunge bahasha. Bahasha imekaa mezani saa nzima.

Alhamisi, baba alipokwenda kutafuta pete, walikuja wenzangu wawili, kinyozi na yule anayeuza viatu. Nilikuwa nimeshawaambia mara mia gari letu litanguruma mpaka madirisha yao yatetemeke.

Kinyozi akalitazama akasema, "Profesa, hili ni gari au kabati la nguo?"

Nikamwambia, "Kabati lina magurudumu?"

"La mama yangu linayo. Na linafunguka vizuri kuliko hili."

Wa viatu akasema, "Mwache, babake ndiye fundi. Yeye kazi yake kushika tochi."

Hapo ndipo iliponiuma, Shangazi. Ningesemwa kingine ningecheka. Nikaenda nikaufungua mkono wa shati. Nikafutia vumbi boneti nao, hivi, kwa madaha, nikautupia begani, nikaingia kiti cha baba, nikageuza ufunguo. Na likawaka! Mara ya kwanza tu. Sijawahi kusikia sauti kama ile, ilikuwa nzuri, ilikuwa laini, nukta zote juu ya boneti zikaanza kucheza, na mimi nikasema moyoni mikono yake haina kasoro, mikono ya baba yangu haina kasoro hata moja, na nikazidi kukanyaga mafuta ili wenzangu wasikie. Kitaa chekundu cha oili kilikuwa kinawaka mbele yangu. Nilikiona. Nilijua oili haimo, beseni niliondoa mimi mwenyewe asubuhi. Nikasema sekunde moja tu. Nikasema nyingine. Ikaanza kugonga, halafu ikalia kama mtu, halafu ikanyamaza. Wale wawili wakapiga makofi, walidhani nimeizima.

Nikafungua boneti ipoe. Nikaufunga mkono wa shati mahali pake, na kwa woga nikakaza fundo.

Lakini hata hilo silo. Ijumaa, mama aliposhuka akaingia ndani, tulibaki wawili. Baba aliniangalia akasema, "Profesa, wewe ulikuwa unaniangalia muda wote. Nilikosea wapi?" Aliniuliza kweli, kama mwanafunzi. Na mimi nikamjibu.

Nilimwambia, "Labda ulikaza kupita kiasi, baba. Kama lile fundo."


SHANGAZI ANAJIBU

Kwako Profesa, maana hukuweka jina chini na sikulaumu,

Umenichekesha mpaka nikamwaga chai kwenye barua za wenzako, kisha ukaninyamazisha. Nimekusoma mara mbili. Mara ya pili nilimtafuta huyo mzee aliyekata tamaa unayemsema na sikumwona popote. Nimemwona mzee mwenye pua nzima, kiganja kizima na kazi safi, ambaye amedanganywa na mtu anayempenda. Alinusa, ukamwambia hajanusa. Alishika, ukamwambia hajashika. Akabaki na mambo mawili ya kuchagua, aache kukuamini wewe au aache kujiamini mwenyewe, na kwa kuwa wewe ni mwanawe alichagua lile la pili. Ndiyo maana anakinywea chai kile kikombe.

Kwa injini sitakupigia kelele. Ulikuwa mjinga kwa dakika chache mbele ya kinyozi, na hapa ninapokea barua za watu waliokuwa wajinga kwa miaka kumi na hawajui bado. Chuma hufunguliwa, chuma hubadilishwa. Lakini mtu mzima alikugeukia akakuuliza amekosea wapi, wewe ukampa kosa la kubuni alibebe, tena ukalitengeneza kwa fundo lako mwenyewe. Aibu, mwanangu. Nalisema mara moja halafu tunaendelea.

Umeniomba niandike kwamba mikono si kitu. Siandiki. Mikono ya baba yako ni kitu kikubwa, iliunganisha injini ikawaka mara ya kwanza bila kusitasita, na mtu pekee duniani aliyeisikia ikiwaka, ukiacha wale vichekesho wawili, ni wewe. Umekaa na habari nzuri kuliko zote ambazo baba yako angeweza kupewa, umezificha kwa sababu zimefungwa pamoja na habari mbaya zako. Hahitaji kutiwa moyo na gazeti. Anahitaji kuambiwa kilichotokea.

Kwa hiyo utafanya hivi. Utamwomba mkae ndani ya gari, yeye kiti chake na wewe chako. Usiende na kicheko, usiende na cheo. Anza na yaliyo yake: baba, harufu ilikuwepo, joto lilikuwepo, fundo lile lilikuwa langu, na injini yako iliwaka. Mwambie ilivyolia, mwambie vizuri, kama ulivyoniandikia mimi. Kisha sema ulichofanya, na useme pia ulichomjibu Ijumaa, kwa sababu hicho ndicho utakachotaka kukiruka. Baada ya hapo funga mdomo. Najua itakuwa kazi ngumu kuliko kufunga injini. Akifoka, acha afoke. Akinyamaza, usimjazie ukimya wake kwa maneno. Akishuka akaenda zake, mwache aende, wewe baki hapo hapo kwenye kiti cha abiria mpaka arudi, hata kama zile nukta zako zitatembea kutoka boneti mpaka nyuma.

Na usijifariji kwamba huenda aliligundua lile fundo na anajua tayari. Mtu anayejua haoshi kikombe mara mbili.

Mtu wa vyuma chakavu usimwachie baba yako. Mfuate wewe, leo, mwambie kwa lugha ya kwenu: gari halipo. Kisha, baba akikubali, na hata akichukua siku kadhaa kukubali, ifungueni injini pamoja. Nimemuuliza fundi mmoja jirani na ofisi yetu, ameniambia beringi zilizokosa oili huungua mpaka zikabadilika rangi na kukwaruzika, hazifanani kabisa na zile zilizokazwa vibaya. Toa moja, umwekee kiganjani. Usimweleze kitu. Kiganja kile kilitambua joto la boneti kivulini, kitatambua na hili. Gharama ya beringi mpya itatoka kwenye jasho lako, na mpaka gari liwake tena kazi yako ni ile uliyoikataa mbele ya kinyozi: kushika tochi. Ishike vizuri.

La mwisho. Jina lako sikulijua na hata ningelijua nisingelichapa, lakini nyumba zenye mkono wa shati la buluu kwenye usukani na kikombe cha lori mezani nadhani ni moja. Wewe mwenyewe ndiye uliyeniambia mama yako humsomea baba yako ukurasa huu kila Ijumaa. Sijui kama ulisahau ulichoandika, au ulitaka mimi ndiye nimwambie kwa niaba yako. Kama ni hilo la pili, nimekataa. Nimeiweka barua yako hapa mwisho kabisa wa ukurasa, chini ya wale wa wachumba, nao ni watatu, na mama yako anasoma kwa sauti. Huo ndio muda niliokupa.

Leo ni Ijumaa, Profesa. Chai imeshamiminwa. Weka gazeti chini, nenda kamwite baba uani kabla mama hajaipata miwani yake.